Ummkulthum Hamdan Mmanga (1985–2025): Aliyerudi Kwenye Nyumba Zilizomkataa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Mashehe, wazee wetu, na kina mama mlioko ndani, asalaam alaykum. Tunakushukuruni kwa kuja kwenye hitma hii. Familia imemtaka kaka wa marehemu, Haroub, asome maneno haya. Atayasoma taratibu, maana sauti bado haijamrudia.

Marehemu Ummkulthum alizaliwa hapa Kengeja tarehe 14 Machi 1985, mtoto wa marehemu Mzee Hamdan Mmanga na Bi Time Safari. Tangu mdogo alikuwa mwingi wa maswali. Akitumwa chumvi kwa jirani, hurudi na chumvi pamoja na habari za kila mgonjwa wa nyumba ile. "Nimekutuma chumvi," Bi Time humwambia, "sikukutuma udaktari."

Alisoma madrasa na skuli ya msingi hapa hapa kijijini, kisha sekondari Chake Chake, akikaa kwa shangazi yake Gombani. Mwaka 2007 alihitimu uuguzi na ukunga huko Unguja, akapangiwa kituo cha afya karibu na Mtambile. Wengi kati yenu, watoto wenu walizaliwa mikononi mwake.

Aliolewa tarehe 6 Agosti 2010 na Bwana Himid Zubeir, mwalimu wa hesabu. Siku ya posa, bibi harusi mtarajiwa alipeleka swali kutoka chumbani: upande wa bwana kuna mtu mwenye sukari? Mashangazi wa Himid walinuna. Himid mwenyewe akajibu, "Mwambieni ipo, lakini ni ya chai." Walijaaliwa watoto wawili, Kauthar na Ishak.

Kilichomrudisha darasani ni uchovu. Alichoka kuwapokea watu wenye presha wakiwa wameshaanguka, mdomo umekwenda upande. "Tunawaona wakiletwa," alimwambia mumewe. "Mie nataka kujua walikuwa wapi kabla." Oktoba 2021 akaanza shahada ya uzamili katika mbinu za utafiti wa afya ya jamii, chuo kikuu Unguja. Sisi nyumbani tulidhani utafiti ni kuuliza watu tu. Alitueleza: "Mnunuzi wa karafuu hatazami za juu ya gunia. Hutia mkono mpaka chini. Na mie lazima nifike mpaka chini, hata kwa asiyetaka kuniona." Kwa hiyo nyumba za kupimwa presha zilichaguliwa kwa kura, na nyumba ikishachaguliwa haibadilishwi.

Kura iliangukia nyumba ya Mzee Ngwali, katika kijiji jirani. Mzee alisimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Kwani mie nimekosani hata nikatajwa peke yangu?"

"Hujakosa kitu, mzee wangu. Ni kura tu."

"Basi kura hiyo nampa jirani."

Mwenzake wa kazi, Jaribu, alimshauri waende kwa jirani kweli, jua lilikuwa kali na watu wamechoka. Marehemu alikataa. "Anayekataa ndiye tusiyemjua," alisema. Akarudi siku nyingine, akafukuzwa. Akarudi tena bila mashine, akakaa barazani akizungumza na mzee habari za migomba. Hapo Mzee Ngwali akalia. Ndani alikuwapo mkewe, Bi Moza, upande mmoja wa mwili umelemaa tangu mwezi wa Ramadhani. Watu walikuwa wamemwambia mzee kwamba mkewe kachezewa na wachawi, naye akaona aibu, akamficha. Marehemu aliingia, akampima, akatafuta gari siku ile ile, akamfikisha hospitali. Alhamdulillah, Bi Moza sasa anatembea kwa mkongojo, na leo yumo ndani na kina mama.

Lakini aliyepima presha za watu aliichelewesha yake. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Jaribu alimpima, akaingiwa na hofu, akamsihi apumzike. "Zikimalizika nyumba zilizobaki," alijibu. Zilipomalizika, mwaka 2023, madaktari walisema figo zimeharibika. Akawa hana budi kusafishwa damu Unguja kila wiki. Familia ikagawika, wengine huku na wengine kule, na hakuna aliyelala vya kutosha tangu hapo. Tasnifu yake aliimalizia kitandani. Yeye akisema, Himid akichapa. Cheti kilipotolewa mwezi wa Disemba 2024, mumewe ndiye aliyekwenda kukipokea, yeye hakuweza kusimama.

Asubuhi moja mwezi wa Januari, kaka yake alikuwa amekaa kando ya kitanda, macho yanafumba yenyewe.

"Kaka, umechoka?"

"Sijachoka."

"Usinidanganye. Watu wakidanganya kwenye maswali, dawa inapelekwa kusiko."

"Basi nimechoka, Ummu."

"Haya, ndivyo. Hata mie nimechoka. Wala si dhambi."

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mumewe akimsomea Yasin. Maiti yake ilivushwa bahari kutoka Unguja na kuzikwa hapa Kengeja siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri.

Ameacha mama, Bi Time, mume, Bwana Himid, watoto wake Kauthar na Ishak, na ndugu zake, Haroub na Rahma. Familia inamshukuru kila aliyeleta chakula, aliyetuombea, aliyekaa zamu ya mgonjwa. Mkituona leo hatusemi sana, msitudhanie vibaya.

Ewe Mola, mja wako huyu alihangaika kwa ajili ya waja wako. Msamehe alipokosea, lipanue kaburi lake, na umpe mapumziko aliyokuwa akiyaahirisha. Amin.