Optatus wa Hapahapa

Kijiwe chetu kiko kona ya Mfaranyaki: benchi la miguu mitatu na tofali moja, pembeni ya jiko la Abdulhamid, muuza kahawa. Hapa jina la nyumbani unaliacha nyumbani. Mimi ni Injinia, ingawa shule niliitosa kidato cha pili, nikaiacha inalia. Kipaza ni mwenyekiti wa bodaboda. Akinong'ona, hadi kule Maposeni, nje ya mji, wanasikia. Babu Moshi alilima tumbaku Namtumbo mpaka mapafu yakastaafu. Na yupo Evaline, ambaye hatujathubutu kumpa jina la utani, maana binti anaongea na kompyuta na inamjibu. Asubuhi hiyo utani ulikuwa mgumu. Notburga, dada yake Kipaza, alikuwa wodini, amejifungua na anahitaji damu ya O hasi. Kipaza alishapimwa, damu yake haikufaa.

KIPAZA: Eva, mlongo wangu, ndugu yangu, ule mtambo wako wa madereva! Si kila mmoja alijaza habari zake? Nitafutie wa O hasi!

EVALINE: Ndiyo nafanya, kaka. Punguza sauti, kahawa inamwagika.

MIMI: Sikilizeni niwaeleze. JavaScript, ile lugha ya kompyuta mnayoiona ikichezesha vitu kwenye simu zenu, huyu kaipeleka jikoni, kwenye seva, ambako mteja haingii. Hukohuko ndiko anakoihoji hifadhidata.

BABU MOSHI: Hifadhidata ndiyo ghala?

MIMI: Ghala, babu, ila halina sare. Kila dereva ana hati yake, kama kila mama wa sokoni na kikapu chake. Huyu kaweka jina na simu, yule kaongeza timu anayoshabikia, na hakuna anayefukuzwa.

EVALINE: Leo umepatia, Injinia. Sasa naandika find, amri ya kutafuta, natoa masharti: damu O hasi, kituo Mfaranyaki. Halafu await, yaani programu isubiri jibu lirudi ndipo iendelee.

BABU MOSHI: Subira yavuta heri. Ndiyo maana trekta langu halijawahi kuwaka.

Akabonyeza. Kioo kikaleta mabano mawili, katikati hakuna kitu. Kipaza akaweka kikombe chini.

EVALINE: Usikate tamaa, kaka. Kituo mlijaza kwa maneno yenu, ninyi ndio mliokataa kubanwa. Naondoa sharti la kituo, nabakiza damu.

Akafuta mstari mmoja, akabonyeza tena. Kashata ilikuwa bado haijalainika mdomoni, na jibu hilo hapo: hati moja. Katika madereva wote wa mji! Nikapiga mluzi. Mimi simsifii mtu ovyo, najisifu mwenyewe inatosha, lakini huyu binti anatoa sindano kwenye gunia la mahindi bila kumwaga punje.

EVALINE: Jina, Optatus. Damu, O hasi. Chakula, ugali wa dona na dagaa wa Nyasa. Kituo, hapahapa. Simu hakuweka.

KIPAZA: Optatus ndiye nani? Mimi mwenyekiti simjui!

MIMI: Na hapahapa ya wapi? Labda alijaza akiwa Maposeni.

BABU MOSHI: Atakuwa kahamia Mbesa. Ameoa huko.

MIMI: Au ni jasusi. Jasusi ukimuuliza yuko wapi, lazima akujibu hapahapa.

BABU MOSHI: Basi ni marehemu. Asiyekuwepo na lake halipo, na damu yake nayo haipo.

KIPAZA: Babu! Dada yangu yuko kitandani!

BABU MOSHI: Nisamehe, mwanangu. Mdomo umenitangulia.

EVALINE: Kaandika hapahapa. Mimi naamini ni mtu wa hapa.

Pikipiki ikasimama mbele yetu. Ndonga, mwenzetu asiyeongea, alikuwa kamleta Violet, mwalimu mgeni aliyehamia juzi kutoka Singida. Mwalimu akashuka, Ndonga akaanza kugeuza, kofia ngumu kichwani, injini inanguruma.

VIOLET: Shikamoo babu. Hamjambo wote? Mbona nyuso zimeanguka?

Evaline akamweleza: Notburga, damu, Optatus.

VIOLET: Na huyu kijana aliyenileta, anaitwa nani?

SISI WOTE: Ndonga!

VIOLET: Hilo la kijiweni. Jina lake je?

Tukatazamana. Miaka yote hii tunagawana kashata na Ndonga. Nakijua kikohozi chake, najua upande wa benchi anaopenda kusinzia. Lakini jina? Kipaza akaanza kuhesabu madereva wake kwa vidole. Babu Moshi akachungulia kikombe chake, kana kwamba jibu limezama kwenye machicha. Evaline mwenyewe aliondoa mikono kwenye kompyuta.

Ndonga alikuwa ameshaingiza gia, anaondoka.

Kipaza akaruka juu ya benchi. Tofali likachomoka, Babu Moshi na kahawa yake chini.

KIPAZA: Optatuuus!

Nadhani hata Notburga alisikia kule wodini. Taa nyekundu ya breki ikawaka. Kofia ikageuka.