Daktari Aliyesimama Miguuni pa Kitanda

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya marehemu kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ndiye mjomba pekee aliyembakia. Pili, katika ukoo huu hakuna mwingine mwenye sauti ya kuwafikia nyinyi mlioko kule nyuma bila kipaza sauti. Mkwe wetu alipendekeza asome profesa mmoja wa udaktari. Dada yangu, mama wa marehemu, akamwambia, "Profesa atatusomea vyeti. Mwanangu hakuwa kabati." Basi nimesimama mimi, mtu wa darasa la saba, na hilo la saba nililirudia kwa kulipenda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile tuliyotoka na jeneza asubuhi hii. Alikuwa mtoto wa tatu wa dada yangu, na wa kwanza kuishi. Wawili waliomtangulia hawakufikisha mwaka. Kwa hiyo huyu alilelewa kama yai, ingawa yai lenyewe lilikuwa na mdomo. Alipokuwa na miaka tisa nilipanda juu ya paa la nyumba hiyo kupigilia bati. Fundi alikuwepo, lakini nilimwambia ashuke aone kazi inavyofanywa. Akaiona. Nilishuka kwa njia isiyo ya ngazi. Watu wakapiga kelele, dada yangu akaanza kunililia kama maiti. Huyu mtoto akaja akasimama miguuni pangu, mikono nyuma, akaanza kugawa kazi: "Mama, nyamaza kwanza tusikie kama anapumua. Fundi, usimwinue. Baba, katafute gari." Kisha akanitazama mimi niliyekuwa naugulia pale chini, akasema, "Mjomba, usijali, bati halikupinda." Mguu wangu ndio uliopinda, na mpaka leo mnauona. Hilo la kusimama miguuni mliweke akilini, nitalirudia.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari ya bweni ya wasichana. Alihitimu udaktari mwaka 1999, na baadaye akasomea ubingwa wa tiba ya dharura. Miaka hiyo yote nilikuwa nawaambia watu "tunasomea udaktari", na sikuona haja ya kueleza tumegawanaje masomo. Alipoanguka mtihani wa anatomia mara ya kwanza nilimfariji kwamba akili hiyo ni ya upande wa baba yake. Aliurudia akapasi, akanitumia salamu kwamba sasa amerudi upande wetu.

Kazi yake yote aliifanya katika idara ya dharura. Wengi wenu mmepita kule. Mnalijua lile benchi la kijani la korido, lililochubuka pale watu wanapoegemeza vichwa. Mnaujua mlango wa kusukuma, unaopiga mara mbili baada ya kitanda kupita. Nilimuuliza kwa nini hakuchagua ngozi au meno, ambako mgonjwa anakuja na miguu yake na kuondoka nayo. Akasema, "Mjomba, kule wananihitaji wiki ijayo." Akirudi nyumbani na viatu vyenye damu, alivivua nje, akaviosha mwenyewe kabla ya kusalimia mtu. Akiwa ameshika viatu, hatukumsemesha. Ilikuwa ni sheria ya nyumba, na hata mimi niliitii.

Mwaka 2004 aliletwa mwanamke mmoja aliyegongwa na lori, anavuja damu kwa ndani. Walipambana naye, akafa. Wiki iliyofuata marehemu alisoma katika jarida la nje kwamba ipo dawa ya kupunguza kuvuja damu, rahisi, na wenzao wa mbali wameanza kuitumia kwa majeruhi. Akaenda stoo ya hospitali kuuliza. Ilikuwepo. Boksi zima, wodi ya wazazi wanaitumia, hatua chache tu kutoka mlango wa dharura. Mama yule hakukosa dawa. Kilichokosekana ni habari ya dawa kuvuka korido. Mpwa wangu alikaa na hilo jambo kama mtu aliyemeza mfupa. Kisha akamtafuta mume wa yule mwanamke, akamkuta bado yuko kwenye msiba, akamwomba ruhusa aiandike habari ile ili madaktari wengine waisome, bila kutaja jina la mtu. Yule mwanamume akasema, "Andika. Labda wa mwenzangu atapona."

Hivyo ndivyo ilivyoanza *Kengele*. Mwanzoni ilikuwa karatasi moja, imebandikwa kwa plasta ya vidonda kwenye mlango wa chumba cha chai. Baadaye ikaenda kwa simu kila Ijumaa, mpaka kwenye vituo ambavyo daktari wa dharura ni mmoja na taa ni moja. Ilikuwa na habari za kazi yao: dawa mpya, dawa iliyoondolewa, mafunzo yatakayotolewa na pointi zake za kuhuisha leseni, nani amepanda cheo, nani amestaafu na mgongo wake. Na mwishoni, daima, kifo kimoja. Mgonjwa ni nani kwa umri tu. Tulidhani nini. Tulikosea wapi. Tumebadilisha nini. Hakuna jina la mgonjwa, hakuna jina la daktari. Wakubwa fulani walimwambia anaanika nguo za ndani za hospitali. Akawajibu kwamba nguo isiyoanikwa hunuka.

Kisha akaanzisha mazoezi kila Jumatano, katika chumba kilichokuwa cha kufulia mashuka. Hapo ndipo nami nilipoingia katika historia ya tiba. Sanamu la plastiki la mazoezi lilipasuka shingo, akaja kunichukua mimi. Niseme bila kujisifu: nimekufa mikononi mwa mabingwa wengi kuliko mtu yeyote aliyesimama hapa. Nimekufa kwa moyo, kwa pumu, kwa nyoka, na mara moja kwa uzazi, mwigizaji wa siku hiyo alipochelewa. Aliwafundisha kwamba kiongozi hamgusi mgonjwa. Anasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, aone wote. Akianza kushikashika, anakuwa kipofu. Nilikuwa nikifumbua jicho moja namwona pale miguuni, ana miaka tisa tena.

Alikuwa na tabia mbili darasani. Ya kwanza, kuanguka ghafla katikati ya somo bila kumwambia mtu, awaone watafanya nini, kisha anainuka anatoa maksi. Ya pili, neno la usalama. Mwigizaji akipatwa na jambo la kweli, atamke "kweli sasa", na mchezo unakoma palepale. Mimi nililitumia mara moja. Kijana mmoja mwenye mikono kama sepetu alitaka kunibonyeza kifua kwa moyo wake wote. Nililitamka kabla hajafika.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 2001 na fundi wa mashine za eksirei, huyu mkwe wetu aliyekaa mbele. Walikutana mashine ilipoharibika, mpwa wangu akamsimamia mgongoni akimuuliza kila baada ya pumzi mbili kama imepona. Fundi akageuka akasema, "Daktari, na mimi nikisimama nyuma yako hivi, utatibu?" Hakuna mtu aliyewahi kumjibu mpwa wangu hivyo. Nikajua ameolewa. Walijaliwa binti mmoja, ambaye ni kifungua mimba na kitinda mimba kwa pamoja.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2023 alianza kuumwa kichwa. Mganga hajigangi. Angekuwa mgonjwa wa benchi la kijani, angemgombeza kwa kuchelewa. Binti yake alimbana apigwe picha ya kichwa. Alimjibu, "Nikishaituma *Kengele* ya Ijumaa." Ijumaa hiyo ikapita, na nyingine ikapita.

Jumatano tarehe 7 Juni tulikuwa kwenye mazoezi. Mimi nilikuwa majeruhi wa ajali. Nilikuwa nimeshaokolewa, nikaenda kwenye sinki la nje kuosha rangi nyekundu usoni. Nikasikia kishindo ndani. Nikasikia watu wakicheka, maana walimjua. Kisha nikasikia sauti ya daktari mmoja anayesomea ubingwa, binti mrefu, wenzake humwita Twiga. Ilikuwa sauti tulivu, kama alivyofundishwa. "Wewe njia ya hewa. Wewe mapigo. Wewe dripu."

"Dripu nimeweka."

"Upasuaji waambiwe."

"Nimeshawaambia."

Yote hayo kwa mdomo. Kwenye mazoezi hakuna kuchoma sindano wala kupiga simu, mtu anatamka tu kwamba amefanya. Basi walifanya kila kitu kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na hakuna kilichofanyika. Wakawa wanasubiri ainuke atoe maksi. Twiga ndiye aliyeinama na kurunzi. Mboni moja ilikuwa imefunguka kama mlango usio na mtu. Mboni haiigizi. Nikamsikia akisema, "Kweli sasa." Niliingia na taulo mkononi, na hakukuwa na mtu anayecheka.

Walimkimbiza kupitia korido ile ile, mlango ukapiga mara mbili. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya kichwa. Alifanyiwa upasuaji, akalazwa chumba cha mahututi, na Jumamosi tarehe 10 Juni, mchana, akafariki dunia. Mama yake alikuwa ameshika mguu wake. Daktari wa ubongo tulimuuliza kama zile dakika zingesaidia. Alisema pengine zingesaidia, pengine zisingesaidia. Nilimshukuru kwa kutotudanganya, ila usingizi sijaupata.

Jumatatu alikuja nyumbani muuguzi mkuu wa idara, aliyekuwa akiitayarisha *Kengele* pamoja naye. Twiga alikuwa nyuma yake. Muuguzi akasema Ijumaa inakuja, na lipo la kujifunza katika kifo hiki. Neno la usalama lilikuwa mali ya aliyelala, na aliyelala hakuweza kusema. Anaomba ruhusa ya familia.

Mkwe wetu akasema, "Mke wangu si somo."

"Shemeji, yeye ndiye aliyeiweka sheria."

"Ndiyo, na watasoma kwamba sheria yake ndiyo iliyomuua. Hapana."

Nami nikatia langu: "Mkwe, mimi amenifanya somo miaka yote hii, na nimenenepa." Hakucheka mtu. Nami sikutegemea.

Twiga akasema, akiangalia sakafu, "Mkiandika, na jina langu liandikwe. Nisijifiche. Halafu kazi nimeiacha."

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka tangu asubuhi. Akamwambia, "Mwanangu, *Kengele* haina majina. Huyu alikataa majina tangu siku ya kwanza, hayataanza na wewe." Kisha akamgeukia mkwewe. "Yule mume wa mwanamke wa lori ulimwona?"

"Mke wangu alinisimulia."

"Alikuwa kwenye msiba kama wewe. Angesema hapana, wangapi wangekuwa wamekufa na dawa iko stoo?"

Mkwe wetu alitoka nje. Tulimwona kupitia dirishani ameviinamia viatu vya kazi vya marehemu, vilivyorudishwa kutoka hospitali, anavisugua. Hatukumsemesha. Alipomaliza alirudi na mikono inayochuruzika maji, akasema, "Aandikwe. Lakini nisome mimi kwanza."

Basi waganga mliopo hapa, Ijumaa mtaisoma. Inaanza hivi: *Mgonjwa ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, daktari. Alianguka mbele ya watu waliomjua. Tulidhani anaigiza.* Na inamalizia hivi: *Tumebadilisha. Neno la usalama ni la kila mtu aliyemo chumbani. Na kila zoezi lina mtu mmoja asiyecheza, ambaye kazi yake ni kuuliza kama ni kweli.*

Marehemu ameacha mama, mume, binti mmoja, na mjomba ambaye hatakufa tena Jumatano mpaka apate wa kumfufua. Ameacha madaktari na wauguzi wa idara yake, na watu wengi wanaotembea mjini wasiojua kwamba anawadai salamu. Ameacha pia mwanafunzi mmoja, na kwake familia ina ombi.

Twiga, njoo huku mbele. Familia imekubaliana kwamba jeneza litashushwa kwa neno lako. Simama miguuni pake, mikono nyuma, utuone wote. Vijana wa kamba watakusikiliza wewe. Na kesho, Jumatano, chumba cha mashuka kitafunguliwa. Ufunguo ninao mimi, na nitampa anayesimama hapo miguuni, simpi mwingine.

Mpwa wangu, mara zote ni mimi niliyelala na wewe uliyesimama. Tangu asubuhi nimekuwa nikikuchungulia kwa jicho moja, nione kama utainuka utoe maksi. Kweli sasa. Umeshika viatu, hatukusemeshi. Pumzika kwa amani.