Examen ya Papa Grégoire

Banc yetu ya kukalia, mu mtaa wa Cimpunda, iko pa mulango ya Maman Bintu, muuza kahawa ya tangawizi. Hapa tunahukumu serikali, makocha na bibi za benzetu, na hakuna mutu anatulipa. Ile asubui Grégoire, fundi wa kujenga, alifika amekunja uso. Mutoto wake Chris amenyamaza ku masomo: hata mwalimu akimuuliza jina yake, kimya. Na thérapeute wa famille wa pale masomo, ule maman wa kutengeneza maneno ya mu nyumba, zamani alikuwa anasikiliza batoto tu. Mwaka huu bamemuongezea kazi, anaita mpaka bazazi. Kesho njo zamu ya Grégoire.

— Mi naogopa, akasema. Mutoto wangu anazimika na mi namuona, na sijui nitaeleza nini.

— Ni examen hiyo, mutihani kabisa!

Huyo ni Cyprien. Tunamuita Avocat, wakili, juu alisomaka sheria miezi tatu.

— Batakupa bulletin, karatasi ya alama, Grégoire. Tabia: assez bien, wastani. Upendo: médiocre, chini kabisa!

— Na nikianguka?

— Unadoubler! Unarudia ubaba toka mwanzo. Unarudi kwa bakwe kuomba bibi upya, na ngombe zimepanda bei!

— Acha kumuogopesha, akasema Hadji Mithali, muuza bitenge. Huyo, methali yake haijafika hata siku moja pahali iliitwa.

— Bahenga walisema: samaki mukunje angali mubichi. Ule maman anataka kutukunja shiye, samaki kidogo za sambaza za kukauka. Tutavunjika!

— Hadji, ile methali iko ya batoto, nikamuambia.

— Na batoto banatokaka wapi?

Nikarudia kahawa yangu. Ukibishana na Hadji, kahawa yako inapoa bure.

— Kisha bazazi, ule maman ataita bababu, Avocat akaendelea. Kisha bababu, atatuma convocation, barua ya kuita bantu, ku makaburi!

— Yesu! akasema Grégoire. Na babu yangu alikuwa mukali!

Tukaona heri tumufanyishe répétition, mazoezi ya kujibu.

— Mutoto anavaa kiatu ngapi?

— Namba 34!

— Anapendaka kula nini?

— Sombe ya muhogo na samaki!

— Distinction! Alama ya juu!

Tukapiga makofi. Maman Bintu akamuongezea sukari. Grégoire akaanza kucheka, maskini.

Pembeni alikuwa mugeni, Nasoro, mucuruzi wa muchele kutoka Sange, anangojea kikombe yake.

— Samahani, papa. Mara ya mwisho mutoto alitaka kukuambia kitu, ilikuwa nini?

Grégoire akakuna kichwa.

— Alisema: «Papa, leo ku masomo...» Mi nilikuwa nasikiliza mupira ku radio. Nikamuambia: «Nyamaza kwanza.»

— Na hiyo «kwanza», papa, iliisha lini?

Hadji akafungua kinywa, methali ikakataa kutoka. Mi nami nikakoroga kikombe yenye haikuwa tena na kahawa ndani.

Grégoire akaweka kikombe chini, akaenda kusimama pa mulango ya masomo, kungojea Chris. Saa ya batoto kutoka ilikuwa bado mbali.