Sauti ya Zimwi Ni Yangu

Nimesimama, na goti hili likinishinda nitaketi bila kuomba ruhusa. Kina mama wa kundi letu, na wewe uliyekuja leo mara ya kwanza ukaketi pale karibu na mlango, nawasalimu nyote. Mwenyekiti amesema kila aliyefiwa aeleze alivyoanguka na alivyoinuka. Yangu ni haya. Sitataja jina la mtu yeyote, na mbele mtajua kwa nini.

Mimi sikusoma sana. Niliolewa mapema huko pande za Sigalame, nikalima, nikauza muhogo mkavu. Lakini kuna kitu kimoja nilikijua vizuri, na waliotoka kwetu wananijua kwa hicho: kulia. Msicheke, ni kazi. Kwetu jeneza likiingia bomani, mwanamke mwenye koo hutoka kwenda kulilaki. Anamwita marehemu kwa jina lake la nyumbani. Anamuuliza anakwenda wapi na kuku hawajafungiwa. Anawaambia watu marehemu alikuwa nani. Akilia vizuri huyo mwanamke, hata mwanaume aliyefuata chakula tu ataweka sahani chini. Mimi ndiye niliyekuwa huyo mwanamke. Niliitwa Funyula, niliitwa mpaka Port Victoria. Nimewaliza watu ambao hata hawakumpenda marehemu.

Kisha akafa binti yangu.

Aliugua, akapelekwa hospitali, akarudi ndani ya sanduku. Gari lilipokata kona kuingia kwetu, watu wote waligeuka kunitazama. Wakanipisha njia. Kila mmoja alijua kwamba leo ni leo, huyu mama ameliza kijiji kizima kwa watoto wa wengine, je, kwa wake? Nikatoka mbele. Nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Wala chozi. Nilisimama mbele ya lile gari kama abiria. Dereva akangoja, akangoja, mwisho akapiga honi kidogo nimpishe. Nikampisha.

Ile honi, ndugu zangu, nawaambia, niliisikia kwa miaka.

Na maneno hayakukawia. Nilimsikia wifi yangu, ambaye mumewe nilimlilia mpaka nikakosa sauti ya kusalimia, akimwambia jirani yake: "Ya watu analia. Ya tumbo lake, macho makavu. Muulizeni anajua nini." Jirani akajibu, "Mama, nyamaza, atasikia." Wifi akasema, "Asikie."

Nyinyi mnajua kwetu maneno kama hayo yanakwenda wapi: nimeshakuwa mchawi. Baada ya matanga nilikuwa nikipita njiani, mama anamvuta mtoto wake upande ule mwingine. Muhogo wangu ukakaa sokoni, hakuna anayevunja hata kipande aonje. Nikabeba kuku wangu nikaja kupanga chumba hapa Burumba. Matanga nikaacha kwenda. Kanisani watu wakiimba, mimi nafumba mdomo. Jirani akinisalimu namwitikia kwa kichwa. Niliona hivi: kama koo hili limekataa kumlilia mtoto wangu, basi halina ruhusa ya kutoa kitu kingine. Nikaliadhibu. Nikakaa hivyo.

Sasa huyo binti aliacha mtoto, msichana, na wakati huo alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Amesoma mambo ya kompyuta. Amepanga chumba kule Malaba, nyuma ya duka la kuuza tairi za trela, anafanya kazi na kijana mmoja wa Kiteso kutoka pande za Amagoro. Ananiita Kukhu, yaani nyanya. Siku moja akaja hapa Burumba akakuta nimekaa nimenyamaza kama kawaida yangu.

"Kukhu, njoo unisaidie kazi."

"Kazi gani?"

"Tunatengeneza gemu ya kutisha watu."

Nikamwambia, "Watu wanatishwa bure kila siku. Nyinyi mmeona muongeze?"

Alicheka, lakini hakuondoka. Nikamuuliza hiyo gemu ikoje. Akasema kuna msichana amefungiwa ndani ya yadi ya malori hapa mpakani, taa zimezimika. Hana bunduki, hana panga. Kuna zimwi linamtafuta. Hilo zimwi halioni, linasikia tu. Ukikimbia, limekusikia. Ukivuta pumzi kwa nguvu, limekusikia. Kazi yako wewe mchezaji ni kujificha chini ya matrela mpaka uvuke upande wa pili ukiwa hai.

"Na hilo zimwi linataka nini?"

Akatazama chini. "Linatafuta mtoto wake, Kukhu."

Nilivaa viatu, tukaenda.

Kina mama, mimi nilidhani sauti za gemu zinatoka ndani ya kompyuta, kama vile redio inavyotoa habari. Kumbe zinatafutwa kama kuni. Walikuwa wamesimamisha magodoro kuukuu kuzunguka kona moja ya chumba ili kelele za nje zisiingie, na maikrofoni katikati. Dereva wa trela akiwasha injini huko nje, kazi inasimama, tunakunywa chai. Malaba nayo mnaijua. Chai tulikunywa sana.

Mfupa ukivunjika katika ile gemu, huo ni muhogo wangu mkavu. Nyama ikiraruliwa, hilo ni fenesi. Nililinunua mimi mwenyewe kwa mama mmoja aliyevuka nalo kutoka Uganda. Yule kijana akaniambia, "Mama, rarua polepole, iwe na uchungu." Nikamwambia, "Fenesi halina uchungu, lina utomvu. Niletee mafuta nipake mikono, halafu unyamaze." Akanyamaza, nikararua. Ile sauti sasa ni dereva wa lori anayeliwa. Tulipomaliza tukamla. Fenesi, nasema, si dereva.

Mlango wa yadi unaolia mtu akiusukuma ni mlango wa banda langu la kuku. Walikuja na mitambo yao hadi hapa Burumba, na wakati wanarekodi kuku mmoja akasema neno lake. Walijaribu kumtoa kwenye rekodi, mlango ukaharibika sauti, wakamwacha. Leo kuna watu nchi za mbali wanazunguka ile yadi gizani wakitafuta kuku, wanadhani ni siri ya mchezo. Hakuna kuku. Kuku yuko nyumbani, anataga.

Na mwendo wa zimwi, huo ni huu. Mniangalie. Yule kijana alikuwa akiniangalia nikitoka kwenda kumwaga majani ya chai.

"Mama, hebu tembea tena."

"Unaangalia nini?"

"Goti."

Nilitaka kumchapa. Lakini alisema kwa adabu, ameshika kofia mkononi, kwa hivyo nikatembea. Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta. Sasa ukiwa umejificha chini ya trela unasikia: kishindo, mburuto, kishindo, mburuto. Hapo uko salama, kwa sababu unajua liko wapi. Likiacha kuburuta, omba. Limesimama kando yako. Goti hili ambalo daktari alisema halina faida limefukuza watu katika nchi ambazo mimi hata jina siwezi kutamka.

Kilichobaki ni sauti yenyewe ya zimwi likimwita mtoto. Hiyo iliwashinda. Walijaribu mbuzi. Walijaribu nguruwe, wakaigeuza sauti yake kinyumenyume. Yule kijana akaingia ndani ya tangi la maji akapiga kelele, ikatoka kama mtu aliyefungiwa chooni. Bila hiyo sauti hawakuwa na gemu, na walijua. Lakini mjukuu wangu hakuwahi kuniomba mimi, ingawa alijua nilikuwa nani matangani. Siku ile ya gari alikuwa amesimama nyuma yangu. Honi aliisikia pia.

Ikafika Jumapili moja alasiri. Foleni ya malori ilikuwa imetulia kabisa, madereva wamejilaza chini ya matrela. Mjukuu wangu akaja akachutama mbele yangu.

"Kukhu, unaweza kukataa."

"Sema."

"Usilie. Wewe mwite tu mtoto. Mtoto amechelewa kurudi nyumbani, unamwita. Basi."

Nikaona hilo si neno gumu. Nani hapa hajawahi kumwita mtoto kutoka mtoni? Nikasimama kati ya yale magodoro. Nikaita.

Lakini maisha yangu yote nikiita mtoto nilikuwa naita jina moja. Ndilo lililotoka, jina lake la nyumbani. Likatoka vizuri. Nikaita tena, likavunjika katikati. Nikaita tena na hapo, ndugu zangu, kikaja. Sijui kilikuwa kimelala wapi miaka hiyo yote. Nilimuuliza anakwenda wapi na kuku hawajafungiwa. Nilimwambia gari lilinipigia honi nami nikalipisha, anisikie, nililipisha kwa sababu sikujua la kufanya. Niliwaeleza watu wote alikuwa nani, na watu wenyewe hawakuwepo, ni magodoro. Nikapiga magoti, hata na hili bovu.

Huko nje madereva wakatoka chini ya matrela. Mmoja akagonga mlango. Nilimsikia.

"Kuna maiti humu?"

Yule kijana akamjibu, "Hapana, boss. Ni kazi."

"Kazi gani hii?"

Baadaye nilipotoka kunawa uso nilimkuta bado amesimama pale mlangoni na wenzake. Walikuwa wamevua kofia.

Mjukuu wangu alikuwa analia mpaka kamasi. Akaweka mkono kwenye mashine akasema, "Nafuta, Kukhu. Hii si ya gemu. Hii ni ya mama."

Nikamwambia angoje.

Nilikaa nikafikiri. Nawaambia nilivyofikiri, asiyekubali ataniambia nikimaliza. Kilio hakitolewi mbele ya ukuta. Kilio ni cha watu. Binti yangu alizikwa bila mama yake kusimama mbele ya watu akasema huyu alikuwa wangu. Sasa nimesema, halafu kifutwe? Kiende wapi tena? Kama watu wake ni hao wa kwenye kompyuta, basi na waje hao matangani.

Nikamwambia, "Usifute. Lakini jina litoe. Jina si la kuchezewa."

Kijana akalikata jina kila mahali lilipokuwa. Pakabaki tundu. Akataka kuvuta sauti pande mbili tundu lizibe. Mjukuu wangu akamshika mkono. Akamwambia, "Liache. Liwe na urefu wa jina."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Zimwi linaita, linaita, katikati linanyamaza, linaendelea. Gemu imetoka na inachezwa mbali. Mjukuu wangu hunisomea wanayoandika. Wanauliza nani alibuni ule ukimya, kwa maana hapo ndipo wanapoogopa kuliko mahali pengine pote. Mmoja aliandika kwamba alipofika pale aliacha kukimbia, akasimama tu, zimwi likamla. Anasema hakuweza kulikimbia. Nikasema, huyo amekuja matangani.

Sitawaficha, najivuna. Kuna chumba cha kuchezea gemu hapa mjini, napita nasimama nyuma ya watoto. Siku moja mmoja akageuka, akaniita nyanya kwa lugha yao ya vijana: "Shosho, usiangalie, utaogopa." Nikamwambia, "Huyo ni mimi." Akawaambia wenzake, "Shosho anasema yeye ndiye zimwi," wakacheka sana. Nikainama, nikamwitia kidogo tu sikioni. Kiti kilibaki peke yake.

Baada ya hapo nilirudi Sigalame. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kaburini, na pale nikamlilia na jina lake lote, mchana, boma zima likisikia. Wifi yangu alitoka nyumbani kwake. Alisimama. Akarudi ndani, akaja na kiti, akakiweka karibu nami. "Keti basi," akasema, "hilo goti." Huyo ni mtu ambaye samahani haijui. Kiti anakijua. Nikaketi. Na walipofiwa majirani zetu, waliotumwa kunifuata hapa Burumba walikuwa ni wa kutoka kwake.

Basi nashukuru. Namshukuru Mungu ambaye alinitunzia kilio changu. Namshukuru mjukuu wangu, na yule kijana wa Kiteso ambaye aliona goti. Nawashukuru wale madereva, sitawajua kamwe. Na nyinyi kina mama wa hapa mliniacha nikaketi pale nyuma muda mrefu sana bila mtu kuniuliza mbona sisemi. Hamkujua mlinisaidia. Mlinisaidia.

Wewe wa karibu na mlango, nimalizie kwako. Burumba ni ndogo, nimesikia wanayosema, eti hukulia. Usijikamue. Kilio chako kipo, na kitakuja kikitaka, labda sokoni, labda ukipika, labda mahali pa aibu kabisa. Kikija, usikizibe mdomo. Tuite, tutakuja. Na atakayekuuliza habari ya macho makavu, mwelekeze kwangu, nitamwitia sikioni.

Jina la binti yangu hamtalisikia hapa. Lakini watoto wenu wanaicheza ile gemu, najua. Waambieni wakifika pale penye ukimya wasikimbie. Wangoje nimalize kumwita.