Papa Kule Ephraïm, Fundi wa Motere za Boti Kasenyi

Wapendwa katika Bwana, majirani wa Nyakasanza na ninyi mliotoka mbali, kwa desturi yetu maneno haya yangesomwa na Papa mdogo Vahwere, ndugu ya marehemu, lakini yeye yuko Butembo na barabara imefungwa, kwa hiyo nayasoma mimi, Espérance, mtoto wa kwanza.

Papa yetu Kule Ephraïm alizaliwa Musienene tarehe 14 Machi 1957, akasoma shule ya msingi hukohuko mpaka darasa la sita, kisha mwaka 1973 akashuka Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, kujifunza kutengeneza motere za boti, kazi aliyoipenda maisha yake yote. Tarehe 6 Agosti 1985 alifunga ndoa na Mama Domitille hapa Bunia, Mungu akawapa watoto watatu, mimi, Nathanaël na Bénédicte. Vita ilipofunga shule yangu mwaka 2002, nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, Papa aliumia kuliko mimi, akawa ananifundisha hesabu mwenyewe, akichora kwa mkaa ukutani.

Mwezi wa tano mwaka huu, Bunia ilipowaka, tulikimbilia Kasenyi, na tarehe 12 tukapanda boti ya Sébastien ili tuvuke kwenda Uganda. Siku zile wenye silaha walikuwa wakinyang'anya esanse, petroli ya motere, ufukoni, kwa hiyo Sébastien, ili harufu isitoke, alikaza hata ile skurubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko cha tanki, akalifunika tanki kwa magodoro. Motere iliwaka vizuri, ikaenda polepole bila shida, lakini kila alipoongeza mwendo ilikohoa ikataka kuzimika, naye akaona ni uzito, akasema, "Papa Kule, watu ni wengi, wanaojua kuogelea washuke kidogo." Papa alishuka wa kwanza, mimi nikamfuata, maji yakatufika kifuani, na motere ikakohoa vilevile.

Ndipo Papa, akiwa majini nyuma ya boti, alimwambia Sébastien aminye ile pompe ya mpira iliyo kwenye bomba la esanse huku akiongeza mwendo, na motere ikanguruma vizuri kwa muda, kumbe kosa halikuwa uzito, ilikuwa inakosa esanse, na pompe ilipoachiwa ilibaki imebonyea, haijai tena, maana tanki halikuwa linaingiza hewa. Papa aliuliza, "Weye, hewa ya tanki umefunga?"

"Nilifunga, Papa, wasisikie harufu."

"Fungua. Hata tanki inapumua."

Skurubu ilipolegezwa hewa iliingia kwa mlio tuliousikia sote, mama mmoja akacheka, motere ikakubali mwendo wote, na papo hapo risasi zikaanza kulia ufukoni. Sébastien alitunyooshea mkono, lakini kutupandisha kungeisimamisha boti na watu wote ndani, kwa hiyo Papa aliisukuma kwa mikono miwili, akamwambia Mama, "Enda na watoto," na Mama aliita jina lake mpaka hatukumsikia tena.

Sisi wawili tulijificha kwenye matete, tukarudi Bunia kwa miguu mwezi wa sita, tukakuta nyumba haina milango. Mwezi wa nane Sébastien alituletea habari kwamba wetu ni wazima kambini ng'ambo, lakini nafasi ya kuvuka haikupatikana. Papa alikuwa akitengeneza mashini za kusaga, na alinikataza kupunguza sufuria, asije Mama akafika na watoto wakakosa chakula, basi tulipika ugali wa watu watano, tukala wawili.

Tarehe 8 Novemba alishikwa na homa ya tumbo, akalazwa, na tarehe 17 Novemba 2003, asubuhi, alituacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Mama Scholastique, jirani yetu, aliyelala nami hospitalini, mafundi wenzake waliotoa mbao za jeneza, na ninyi wote mliokuja, hata kama tuko wachache. Mama na wadogo zangu bado hawajui, Sébastien amekubali kunivusha juma hili, na maneno haya nitayasoma tena mbele yao.

Papa, ulale kwa amani, usiwangojee tena, nawafuata mimi.