Mfereji Uliovishwa Kilemba

Asubuhi ile baraza ya Madungu haikuwa na kahawa, na baraza isiyo na kahawa ni watu waliokaa tu. Pandu muuza kahawa alikuwa kachutama mbele ya mfereji wa njiani, kakinga debe, maji yanadondoka kama yanayolazimishwa. Alasiri kuna Maulidi kwa Bi Khairiya, naye Pandu kaahidi kupeleka madele manne, mabirika yake ya kahawa. Akishindwa, kazi anapewa Masika, hasimu wake, na hilo Pandu hakuwa na kifua cha kulistahamili. Mdomoni mwa mfereji palifungwa kitambaa cha kuchujia kutu, maana wanabaraza walilalamika kahawa ina mchanga. Aliyekifunga ni Pandu. Alikokitoa, ni siri yake na Mola wake.

Barazani walikuwapo wawili: Himid, aliyechochea makaa melini safari moja tu akabaki na jina la Injini, na Mbarouk, aitwaye Kura kwa kuwa kila jambo kwake ni uchaguzi.

— Hiyo presha, yakhe, — alisema Injini. — Maji yametoka tangini, yamefika nusu ya njia, yamechoka, yamerudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Yachoke, kwani yana miguu? — Kura alimrukia. — Siasa hiyo! Wanawake wa vyama viwili wanateka mfereji mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na maji nayo yana akili.

— Mbona kisimani wanateka pamoja?

— Kisima hakipigi kura!

— Basi nnakwambia la kweli. Mna samaki mkunga humo bombani. Kaingia mdogo, kanenepa, sasa hawezi kutoka wala kugeuka.

— Dume au jike?

— Jike. Tena ana mimba.

— Ewe Mola! Akizaa, mji mzima tutakunywa mchuzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Jamani, debe halijafika hata robo! — Pandu alikaribia kulia. — Injini, njoo ulitazame bomba.

— Mie fundi wa moto. Maji si kazi yangu.

Hapo akatokea Bi Kazija, mkewe Pandu, na ndoo yake. Pandu aliinamia debe. Tangu Idi mkewe anaitafuta kanga yake mpya, naye kamwambia upepo umeichukua kambani.

— Asalaam alaykum. Kunani?

— Waalaykum salaam, Bi Kazija, — alijibu Kura. — Kuna mkunga.

Bi Kazija aliushika mfereji mdomo.

— Na kilemba hichi?

— Cha kuchujia, — Pandu aliwahi kusema. — Kimoja tu. Kiwache, mke wangu.

Hakukiwacha. Alifungua, ukatoka mkono wa fulana, mzito kwa tope. Kura alijikumbatia bega.

— Mie nilikazia tu.

Chini yake ukatoka ukanda wa kikoi. Injini alikunja miguu kuficha pindo lililokatwa.

— Nilihisi kutu ulimini, ndugu zangu.

Cha tatu, Pandu alifumba macho. Kilitoka kipande cha kanga ya maua ya korosho, rangi yake bado mpya. Maji yakafumka, debe likalia. Maulidi yamepona, lakini Pandu hakuona raha hata chembe.

Bi Kazija alikikamua, akakitandaza kiganjani.

— Pandu, — aliuliza polepole, — upepo gani huu unaojua kufunga fundo?

Injini, aliyekuwa na jawabu la tangi na la mkunga, aliinamia kikombe chake kitupu. Debe lilijaa, likafurika, na hapana aliyeinuka kuufunga mfereji.