Lebo Mbili za Verlene Stallings

Kabla sijataja miaka yake ya kazi, niseme nililolificha kwa miaka thelathini na minne: doa lililo kwenye faili la Verlene Stallings ni langu, si lake. Niliombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa nilikuwa msimamizi wake wa kwanza. Nina miaka themanini na saba, napumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni, na daktari haniahidi tena majira ya joto. Mhariri, tafadhali usipunguze kitu.

Verlene anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2025, baada ya miaka arobaini na mmoja katika ghala letu la vipuri vya jeshi la majini hapa Norfolk.

Alianza kwa kubandika namba kwenye makasha. Miaka mitano baadaye akawa mwanamke wa kwanza kwetu kuidhinisha vipuri vya mitambo ya nyuklia ya manowari za kubeba ndege. Kipuri kisicho na karatasi zake, kwake kilikuwa chuma chakavu, hata king'ae vipi. Ofisa mmoja wa meli aliwahi kumgongea meza: "Mama, watu elfu tano wanasubiri boliti nne tu!"

"Wasalimie," Verlene akamjibu bila kuinua kichwa. "Waambie ya tatu ina ufa."

Na kweli ilikuwa na ufa. Tangu siku hiyo ofisa yule hakukaa kabla ya kukaribishwa.

Wazee wenzangu wanaijua desturi yetu ya kuazima. Kipuri kisichotengenezwa tena tunakifungua kwenye meli iliyo katika matengenezo marefu, tunaipa meli inayoondoka. Mkaguzi husoma namba iliyochongwa kwenye chuma, kisha hufunga kwa waya lebo ya "imepimwa" au "bado", kwa mkono wake mwenyewe. Machi 1991 palikuwa na vali mbili za kuazima mezani, zinafanana kama mapacha: moja imepimwa kwa shinikizo, nyingine bado. Verlene aliziacha bila lebo akaenda kula. Boti za kuvuta meli zilikuwa zimeshafika gatini, na simu haikunyamaza. Nilizifunga lebo mimi, bila kusoma namba, nikagonga muhuri wake.

Wiki mbili baadaye, akikagua rafu, Verlene aliikuta vali iliyopimwa bado iko ghalani. Alinijia ameibeba kwa mikono miwili.

"Emmett, ile nyingine iko baharini. Watu wanalala juu ya kitu tusichokijua."

"Labda ulizifunga ukasahau," nikamwambia.

"Nisahau? Nilikuwa na sahani ya kuku mbele yangu. Uliza yeyote!"

Waliulizwa. Hakuna aliyekumbuka alikula saa ngapi.

Zilipita siku kumi na tisa kabla meli haijafika bandari ambako mtambo ungeweza kuzimwa na vali ibadilishwe. Simu ikilia, nilisimama. Niliwaza bomba lile, mvuke ule, na vijana walio karibu nalo. Nilijiambia kwamba wakisalimika, nitasema.

Verlene alivuliwa ukaguzi, akakaa miaka kumi na mmoja kwenye mlango wa kupokelea mizigo. Hakulalamika kazini, ingawa aliacha kula mezani kwetu. Alifanya mitihani upya akarudi, na wakaguzi wetu kumi na watatu wa leo wote wamefundishwa naye. Naomba faili lake lisafishwe kabla ya Ijumaa.

Verlene, ghala zima linakushukuru. Tunakuombea asubuhi zisizo na simu, sufuria iliyojaa kaa wa baharini, na wajukuu wa kukusumbua kwa furaha.

Limebaki moja. Vali ile ilirudishwa kwa ndege, ikapimwa, ikaonekana nzima. Ripoti ilifika mezani kwangu saa tatu asubuhi, na hapakuwa tena na mtu yeyote hatarini. Saa nne nilisaini barua ya kukuvua ukaguzi.